Miswada ya Kiarabu yenye noti za kale ndani yake: tuhifadhi vipi katika unyevu wa Mombasa?

MlinziWaChuo

Assalaam alaykum nduzangu.

Madrasa moja hapa Mji wa Kale imepokea kwa wakfu makabati mawili ya vyuo (vitabu) vya kale. Vya hati ya mkono ni 34: vingi ni fiqhi, nahau na maulidi kwa Kiarabu, vitatu ni tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na pana msahafu mkubwa uliokatika mgongo. Baina ya kurasa za vyuo saba zimetiwa noti za karatasi. Nyingi ni za East African Currency Board (bodi ya fedha ya Afrika Mashariki zama za Waingereza) zenye sura ya Mfalme George, moja ni rupia ya Zanzibar, na moja ina Kiarabu kitupu, muhuri, na saini ya herufi za Kizungu. Wazee wasema ni ya Khartoum.

Hali yake: ukungu mweupe kwenye majalada kumi hivi, matundu madogo ya wadudu, na katika vyuo viwili kurasa zimekatika palepale wino ulipopita.

Yapo mapendekezo manne mezani: kuvihamishia ofisini kwenye kiyoyozi (ambacho huzimwa jioni), kuweka vidonge vya naftalini, kuzipiga laminesheni noti na kurasa zilizolegea, na kuzitoa noti zote ziwekwe kwenye albamu moja. Kamati inakutana Ijumaa ijayo. Nini kifanywe kwanza, na nini kisiguswe? Bajeti ni ndogo, vifaa viwe vya kupatikana Mombasa kadiri iwezekanavyo.

FundiJalada

Waalaykum salaam. Kwa hayo manne: kiyoyozi cha kuzimwa, hapana. Naftalini, hapana. Laminesheni hapana kabisa, wala ya ukurasa mmoja wa majaribio, kwa sababu plastiki ile huyeyukia ndani ya nyuzi za karatasi na haitoki tena bila kuiharibu. Albamu namwachia anayejua noti, ila msizitoe bado.

Naanza na hewa, maana ndiyo inayomaliza vyuo vya pwani kuliko mdudu yeyote. Ukungu huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, na Mombasa iko juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, hasa mvua za Aprili na Mei. Kiyoyozi kinachozimwa jioni hupoza kuta, rafu na vitabu mchana kutwa. Kikizimwa, hewa ya nje yenye joto na maji huingia ikakutana na vitu baridi, na unyevu ukashika juu yake usiku mzima. Isitoshe, karatasi na ngozi hutanuka na kusinyaa kila siku, wino wa masizi uliokaa juu ya karatasi ukabanduka vipande vipande. Chumba chenye asilimia 60 usiku na mchana ni salama zaidi kuliko kile kinachoruka kati ya 45 na 80. Kama kiyoyozi hakiwezi kwenda saa 24 kila siku, bora kisiwepo: feni, madirisha ya kupitisha hewa, na kabati lililokaa mahali pake.

Mahali pake ni wapi? Nyumba za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi, kisha huyapumua nje. Ukipakwa saruji au rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea, yakapanda juu zaidi ndani ya ukuta. Kwa hiyo kabati lisiegemee ukuta wa nje. Liache nafasi ya sentimita 10 hadi 15, na rafu ya chini iwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni. Toboa matundu mgongoni mwa kabati, juu na chini, uyazibe kwa wavu mwembamba wa kuzuia mende. Kabati la mbao mpya au ubao wa kubandikwa kwa gundi hutoa mvuke wa asidi. Kama hamna jingine, tandika karatasi isiyo na asidi kwenye rafu.

Nunueni haigromita (kipimo cha unyevu wa hewa) mbili za kidijitali, za bei ndogo zinatosha, moja ndani ya kabati na moja chumbani. Kabla ya kuziamini zipimeni: kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, matone ya maji mpaka iwe uji mzito bila kuelea maji, weka pamoja na haigromita ndani ya mfuko wa zipu, funga, acha usiku mzima. Inatakiwa isome 75. Ikisoma 70, basi kila siku ongezeni 5. Andikeni vipimo asubuhi, adhuhuri na usiku kwa wiki mbili kabla ya kuhamisha chochote. Kamati ikiona karatasi hiyo itaelewa habari ya kiyoyozi bila maneno mengi.

Vyuo vilivyo hatarini zaidi vinaweza kuingia kwenye sanduku la plastiki ya polipropilini lenye mfuniko wa mpira, pamoja na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu). Kwa sanduku la lita 60 weka kama kilo 1 na robo. Jeli iliyokauka kabisa itavuta unyevu mpaka chini ya asilimia 35, na hapo ngozi ya jalada hupasuka. Iweke kwanza wazi chumbani ishibe kidogo, kisha funga sanduku na haigromita ndani bila kitabu, urekebishe mpaka isimame kwenye 50 hadi 55. Chagua ile ya rangi ya chungwa. Ya buluu ina kobalti, ni sumu. Ikishiba, hukaushwa ndani ya oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu.

Majalada yenye ukungu: yatengeni leo, kila kimoja peke yake. Kikiwa na unyevu usikifunge kwenye plastiki. Kisimamishe kivulini, kurasa zimeachana kidogo, feni ikielekea ukutani si kwenye kitabu. Usikianike juani, jua hufifisha wino na kukunja ngozi. Ukungu ukikauka na kuwa unga, uvaaji ni barakoa ya N95 na glavu, kazi hufanyiwa nje au barazani kwenye upepo unaokwenda mbali nawe, na brashi ni laini ya manyoya ya mbuzi, ikipigwa kutoka mgongo wa kitabu kwenda nje. Usipanguse kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la ukungu lililolowa huingia ndani ya karatasi na kuacha doa la kudumu. Miezi ya Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, ndiyo ya kazi hii.

Matundu ya wadudu peke yake hayasemi kama wadudu wapo hai. Laza chuo juu ya karatasi nyeupe kwa wiki mbili. Ukiona unga mpya chini yake, wapo. Dawa yake ni baridi. Kizungushie bafta, kitie kwenye mfuko wa polithini, toa hewa, funga kwa utepe, tia mfuko wa pili. Friza ya kawaida yenye nyuzi 18 chini ya sufuri, wiki mbili kamili, bila kufunguliwafunguliwa. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko saa 24 kabla ya kufungua, la sivyo maji ya hewa yatashika kwenye karatasi baridi. Umeme ukikatika mpaka friza ikayeyuka, anza kuhesabu wiki mbili upya. Kitabu kibichi hakiingii friza, wala chenye dhahabu au rangi inayobanduka.

Naftalini haiui mayai yaliyomo ndani ya jalada, mvuke wake ni mbaya kwa watoto wa madrasa, na harufu haitoki miaka. Majani ya mwarobaini baina ya kurasa huacha madoa ya kahawia. Moshi wa udi nao, pamoja na heshima yake, ni masizi na utomvu unaogandia karatasini.

KalamuYaUtete

Kurasa zilizokatika palipopita wino, hilo ni jambo la wino wenyewe, na lazima mlijue kabla ya mtu kushika brashi ya maji.

Kuna wino wa aina mbili kuu katika vyuo hivi. Wa kwanza ni wa masizi na gundi ya mgunga. Ni mweusi kweli, una mng'ao kidogo ukiutazama kwa mwangaza wa ubavuni, unakaa juu ya karatasi, haufifii wala hauli karatasi, ila maji huuondoa mara moja. Wa pili umetengenezwa kwa chumvi ya chuma na maji ya vivimbe vya miti vyenye tanini. Huu huingia ndani ya nyuzi, hugeuka kahawia kwa miaka, huonekana upande wa pili wa ukurasa ukiwa na kivuli cha manjano kuuzunguka, na mwisho karatasi hukatika kwenye mstari wa herufi. Hutoa asidi, na chuma kilichobaki ndani yake huharakisha kuoza kwa nyuzi. Kila unyevu unapopanda, chuma hicho husafiri kwenda sehemu safi. Wengi hupaka gundi ya maji pale palipokatika, na baada ya miaka michache karatasi hukatika upya kandokando ya kiraka. Sababu ni hiyo.

Mkitaka uhakika, kuna vikaratasi vya kupimia chuma vinavyouzwa na wauzaji wa vifaa vya hifadhi: kinaloweshwa kidogo, kinakaushwa nusu, kinagusishwa kwenye nukta moja ya wino kwa sekunde chache. Kikigeuka waridi, ni wino wa chuma. Wekundu wa vichwa vya milango mara nyingi ni zingefuri (rangi nyekundu ya madini), nayo hubanduka ikisuguliwa. Zambarau ya penseli za kunakilia za karne ya 20 ndiyo mbaya kuliko zote: tone moja la jasho hufanya wingu la rangi.

Mwaka wa kwanza msitengeneze chochote. Ukurasa uliokatika uwe kwenye karatasi iliyokunjwa isiyo na asidi, ndani ya kitabu chake, mahali pake. Msiuvalishe plastiki ya poliesta ikiwa wino wake unabanduka, maana umeme tuli wa plastiki huvuta chembe za wino. Msahafu uliokatika mgongo hautiwi gundi ya seremala wala ya viatu; fungeni kwa utepe mpana wa pamba, fundo upande wa mbele wa kurasa, kisha viringisheni amerikani iliyofuliwa mara mbili bila wanga na bila dawa ya kulainisha. Ulimi wa jalada (kipande kinachokunjwa kufunika ukingo wa kurasa), kama upo, uingie chini ya jalada la mbele kama ulivyokusudiwa. Ukiachwa wazi hukatika kwenye kiungo chake.

Siku mtakapokuwa na fundi wa kuwafundisha, gundi ya karatasi yenye wino wa masizi ni ya wanga wa ngano, si unga wa ngano. Unga una utomvu wa protini unaoleta wadudu na kugeuka manjano. Sehemu 1 ya wanga kwa 5 za maji safi yaliyochujwa, loweka nusu saa, pika moto mdogo ukikoroga dakika 20 hadi 30 mpaka ing'ae, acha ipoe, pitisha kwenye chujio laini mara mbili, kisha zimua kwa maji. Kwenye jokofu hukaa siku nne au tano, ikinuka, mwaga. Kiraka ni karatasi ya Kijapani ya gramu 5 hadi 9 kwa mita ya mraba, ichanwe kwenye mstari uliolowanishwa kwa maji, isikatwe kwa mkasi, ili nyuzi za ukingoni zishike bila kufanya ukuta. Kwa wino wa chuma gundi hii haifai. Hapo hutumiwa karatasi ya Kijapani iliyopakwa jelatini mapema ikakauka, ikaamshwa kwa unyevu mdogo kabisa, kwani jelatini hushika chuma kisisafiri.

RupiaNaShilingi

Upande wa noti. Wazo la albamu moja lina nia njema lakini litaua nusu ya maarifa. Noti ya George iliyotiwa kwenye mlango wa talaka ndani ya chuo cha fiqhi inasema chuo kile kilikuwa kikisomwa bado zama za shilingi, na pengine inasema ukurasa gani ulirejewa. Ikishaingia albamuni bila kumbukumbu, ni noti kuukuu tu.

Kwa hiyo: piga picha ilipo, kitabu kikiwa wazi, kabla ya kugusa. Andika namba ya chuo, namba ya karatasi, upande noti ilioutazama, na kama imekunjwa. Ndipo itolewe, na itolewe kweli. Karatasi mbovu na wino wa noti huacha kivuli kwenye ukurasa, na vitu vilivyotiwa ndani huutanua mgongo mpaka ukapasuka. Mahali pake weka kipande cha karatasi isiyo na asidi chenye namba kwa penseli ya 2B. Noti ya kwanza ya chuo cha 12 iwe 12/1. Kama pana pini au kishikizo cha chuma, kitelezeshe kwa kuinua chuma juu ya kipande cha plastiki nyembamba, usikivute. Kutu yake imeshashikana na nyuzi.

Mifuko ya albamu za dukani mara nyingi ni plastiki ya PVC. Hulainishwa kwa mafuta yanayotoka polepole, noti ikawa nyororo, ikanata na rangi ikahama. Ijue kwa harufu kali ya plastiki mpya, au pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, gusa plastiki, rudisha motoni: mwali wa kijani unaonyesha klorini. Fanyeni nje, mvuke wake si mzuri. Takeni poliesta au polipropilini isiyopakwa kitu, iliyo wazi pande mbili. Noti dhaifu ikizibwa pande zote, asidi yake mwenyewe hubaki ndani na kuila upesi.

Msioshe, msipige pasi, msinyooshe kwa mvuke. Rangi nyepesi za usuli wa noti zimetengenezwa makusudi ziharibike zikiguswa na maji au dawa, ili mghushi akamatwe.

Sasa kuzitambua. Currency Board ilianzishwa 1919, na noti za shilingi zilianza na tarehe ya 15 Desemba 1921. Mfalme mwenye ndevu ni George V, asiye na ndevu ni George VI. Malkia huanza 1953. Tazameni thamani: imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kigujarati, maana hao ndio waliokuwa wakizisoma sokoni. Mahali palipoandikwa pia panasema kitu. Noti za rupia za Protectorate (himaya ya Waingereza iliyokuja kuwa Kenya) za 1905 na za florini za 1920 zina jina la Mombasa. Za shilingi zimeandikwa Nairobi. Mkipata yenye "Mombasa" iwekeni kando, ni adimu na ni ya hapa. Noti ya shilingi moja ya George VI ni ya wakati wa vita, 1943.

Rupia za Zanzibar zilianza kutolewa 1908 na ziliondolewa 1936, rupia moja ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kwa hiyo chuo chenye noti hiyo huenda hakikufunguliwa ukurasa ule baada ya hapo, au mwenye kuiweka hakuwahi kwenda kuibadilisha. Andikeni tu ilipokuwa, msibuni hadithi. Mkikuta pia rupia za Kijerumani za 1915 hadi 1917, hizo zilichapwa humu humu Afrika Mashariki wakati wa vita kwa karatasi yoyote iliyopatikana, ndiyo maana nyingi hupukutika ukingoni. Zishikeni juu ya kadi, si kwa vidole.

Hiyo ya Khartoum inahitaji uangalifu mkubwa. Jenerali Gordon, Mwingereza aliyeilinda Khartoum ilipozingirwa na majeshi ya Mahdi, alitoa noti za mazingiwa hayo zenye tarehe ya 25 Aprili 1884, kuanzia ghirshi (sehemu ya mia ya pauni ya Misri) 1 mpaka 5,000, na nyingine ya pauni 50 za Misri, kwa ahadi ya kulipwa na hazina ya Khartoum au Cairo baada ya miezi sita. Mji ulianguka 26 Januari 1885. Baadhi zina saini yake ya mkono, nyingine saini iliyonakiliwa kwa hektografu, yaani sinia ya jelatini iliyopakwa wino wa anilini. Saini ya mkono kwenye kioo cha kukuzia cha mara 10 huonyesha wino ulivyozidi na kupungua kalamu ilipogeuka. Ya hektografu ina rangi sawasawa na kingo laini. Wino wa anilini hufifia kwa mwanga kuliko karibu wino wowote, kwa hiyo noti hii haining'inizwi ukutani wala haiwekwi kwenye kabati la kioo. Gizani, na mwanga hafifu usiozidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) inapotazamwa.

Za kughushi ni nyingi. Imulikeni kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) gizani: karatasi inayong'aa buluu kali ina dawa za kung'arisha, ambazo zilienea kwenye karatasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kutong'aa hakuthibitishi kuwa ni ya kweli. Kama haing'ai, pelekeni picha za pande zote mbili, pamoja na ya mwanga wa ubavuni na ya mwanga wa nyuma, kwenye taasisi zenye nyaraka za Sudan. Chuo Kikuu cha Durham kule Uingereza kina hifadhi kubwa ya Sudan tangu 1957. Noti yenyewe isitoke Mombasa kwa posta.

MlinziWaChuo

Shukran jazila, Mola awalipe. Nimechapisha majibu yote kwa ajili ya kamati.

Yamebaki manne. Tuna simu nzuri na tripodi ya kuazima, je picha za simu zatosha? Pili, chuo kimoja cha tenzi kimeachana kurasa na hakina namba. Mpangilio wake tutaujuaje? Tatu, kuna tarehe imeandikwa "mwaka 306", na nyingine yataja "mfungo tano". Halafu kuna mabaki ya kurasa za misahafu ndani ya kifuko, na baadhi ya wazee wanataka yazikwe kwa heshima kabla ya Ramadhani.

PichaNaFihirisi

Simu yatosha kwa kumbukumbu ya kwanza, na kumbukumbu ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote. Zima filta, zima kuremba, zima flashi. Tumia lenzi ya mara 2, si ile pana, maana pana hupinda kingo. Simu itazame ukurasa sambamba kabisa. Weka kioo kidogo bapa juu ya ukurasa, ukiona lenzi katikati ya skrini imekaa sawa, kisha ondoa kioo. Taa mbili za aina moja, kila upande kwa pembe ya nyuzi 45, na dirisha lizibwe pazia ili mwanga wa jua usichanganyike. Rula na kadi ya rangi viwe pembeni mwa picha ya kwanza ya kila chuo.

Kitabu hakifunguliwi bapa. Mgongo wa kale unastahimili nyuzi 90 hadi 110 tu. Tengeneza vikalio viwili vya sponji ngumu vilivyofunikwa bafta, piga kurasa zote za upande mmoja mpaka mwisho, kisha geuza upige za upande wa pili. Anza na jalada la kulia, kwa mpangilio wa Kiarabu, na uipe faili namba hivyo hivyo: 12_001a, 12_001b. Ukurasa "a" wa karatasi katika kitabu cha Kiarabu ni ule ulio kushoto kitabu kikiwa wazi, na "b" ni wa nyuma yake. Namba ya penseli iandikwe pembe ya juu kushoto ya huo "a", si kwenye kila ukurasa.

Mkiweza baadaye kupata kamera na faili za TIFF (picha zisizobanwa): ukurasa wa ukubwa wa A5 kwa nukta 400 kwa inchi ni kama megabaiti 23. Chuo cha kurasa 200 ni gigabaiti 4.6, na vyuo 34 vya ukubwa huo kama 160. Nunueni diski mbili za terabaiti 1, moja ikae nyumba nyingine, na nakala ya tatu iwe mtandaoni. Diski iliyo kwenye kabati moja na kitabu itaungua nacho.

Kurasa zilizoachana: tazama chini ya ukurasa "b", pembe ya kushoto. Wanakili wengi waliandika pale neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Linganisha neno hilo na mwanzo wa kila ukurasa "a". Katika tenzi, msaada mwingine ni kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti, ingawa hicho hakipangi beti, huthibitisha tu kwamba ni utenzi ule ule. Matundu ya wadudu pia husaidia: tundu moja hupita karatasi kadhaa likihama kidogo kidogo, na karatasi zikipangwa sawasawa linakuwa njia moja isiyokatika. Alama za maji ndani ya karatasi za Kizungu zitazameni kwa mwanga wa nyuma. Hilali tatu za Venezia na jina la Andrea Galvani wa Pordenone ni za kawaida kwenye karatasi zilizofika pande hizi, na zinasaidia kukisia zama.

"306" ni 1306, elfu imeachwa. Hijria zidisha kwa 0.97 uongeze 622: inatoka 1888 na kitu, na kweli mwaka 1306 ulianza Septemba 1888. Andikeni 1888/1889, si mwaka mmoja, mpaka mwezi ujulikane. Mfungo tano kwa hesabu yetu ya pwani ni mwezi wa Safar, kwa kuwa mfungo mosi ni Shawali. Kwenye fihirisi (orodha ya vyuo) andikeni yote mawili, la mwandishi na la Kiarabu. Fihirisi yenyewe isipungue: jina la kitabu, mtunzi, mnakili, tarehe, mahali, maneno ya wakfu, majina ya wenye kukimiliki, vipimo kwa milimita, idadi ya karatasi na mistari, aina ya wino, na vilivyokutwa ndani. Maneno ya wakfu yanakiliwe neno kwa neno, maana huenda yana sharti kwamba kitabu kisitoke msikitini au mtaani.

Za kulinganisha zipo. Vyuo vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha chini ya mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, EAP466. Maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London, ina maandishi ya Mombasa, zikiwemo tungo za Muyaka, mshairi wa Mombasa, zilizokusanywa na mmisionari W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Zanzibar nazo zina hazina kubwa ya hati za Kiarabu. Karibu kabisa nanyi ni Fort Jesus. Waulizeni watu wa makumbusho kabla ya kununua vifaa vya nje, na kabla ya chochote kuvuka mpaka.

Mabaki ya misahafu: waombeni wazee wasubiri, kwa adabu na kwa sababu hii. Vipande hivyo vinaweza kuwa vya ule msahafu uliokatika mgongo au vya mwingine ambao sehemu yake ipo. Vipigwe picha kila kimoja pande mbili, aya itambuliwe, kipimo cha mistari kilinganishwe. Kinachorudi mahali pake kirudi. Kisichorudi kinaweza kukaa kwenye sanduku safi kwa heshima ile ile, mahali pa juu, na uamuzi wa mwisho ubaki wa wazee. Wanaoshughulika navyo wakishatawadha wakaushe mikono kabisa na kungoja dakika kadhaa. Mikono safi mikavu ni bora kuliko glavu za pamba, zinazonasa kingo za karatasi. Glavu ni za kazi ya ukungu tu.

FundiJalada

Nyongeza moja kuhusu Ijumaa. Kamati ikiuliza pesa ziende wapi kwanza, mpangilio wangu ni huu: haigromita, barakoa na brashi, kisha karatasi isiyo na asidi na amerikani, kisha diski mbili. Masanduku na silika jeli baada ya vipimo vya wiki mbili, kwa sababu huenda kabati la pili, kama lipo ukuta wa ndani, tayari linasoma chini ya 65 na halihitaji kitu. Poliesta ya noti ni mifuko michache, haifiki bei ya kikao kimoja cha chai ya kamati.

Na ile friza, iwe tupu. Isitumiwe na ya samaki.